Mende nyumbani: kwanza maji na chakula, dawa baadaye

Katika kartier Lac Vert, magharibi ya Goma, nyumba nyingi ni za mbao na zimejengwa juu ya mawe ya volkano. Mchana mende wanajificha ndani ya mianya hiyo. Usiku wanatoka, wanapita chooni kisha kwenye sahani, na wanaweza kuleta vijidudu vya kuharisha.

Jike la mende mdogo wa jikoni linabeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Mende huyo anaweza kuishi karibu mwezi bila chakula, lakini bila maji hamalizi wiki mbili. Kwa hiyo kila jioni inafaa kuosha vyombo, kukausha beseni, kufunika bidoni na unga, kutoa takataka inje. Makartoni ya zamani yatolewe, mianya izibwe.

Wakibaki, dawa ya mende iwekwe kidogo ndani ya mianya, mbali na chakula na watoto. Dawa ya shamba isipulizwe ndani ya nyumba. Dawa yoyote isitiwe ndani ya chupa ya maji ao ya juisi: mtoto mwenye kiu hatauliza. Mtu akiimeza, asitapishwe. Apelekwe mbio kwenye kituo cha afya, pamoja na pakiti ya dawa.