Kinanda cha Santuri za Babu

Babu aliendesha lori kati ya Mombasa na Juba miaka ya 1970, baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 kusimamisha vita vya kwanza. Alituachia sanduku la santuri, spika mbili na amplifaya ya Pioneer. Vita vya 1983 viliipeleka familia Nairobi, na sanduku likaenda nayo. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 likarudi Juba. Kinanda chenyewe cha santuri kilipotelea njiani. Mwaka jana haboba, ambaye sasa haoni vizuri, aliniambia anataka kusikia tena nyimbo za lori. Nilikuwa na dola 120 za akiba.

Nilianza kwa kuulizia bei, na hapo ndipo nilipokosea. Tunafundishwa kuisoma hati kabla ya kuizungumzia, na hati zangu zilikuwa sandukuni.

Nyingi ni santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotengenezwa Nairobi. Mji huo ulikuwa soko kubwa la muziki, na Wakongo waliufuata: Super Mazembe walifika 1974, na Les Mangelepa wakaanzia hapo hapo 1976. Lori lililoleta sabuni na chumvi Juba lilileta pia rumba. Juba nayo ilikuwa na bendi zake, Rejaf Jazz na Skylarks, ila sandukuni hamna santuri yao hata moja. Chini kabisa nilikuta moja ya mizunguko 78, nzito na rahisi kuvunjika kama sahani, ya kampuni ya Ngoma iliyoanzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948.

Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake huwa nene mara tatu au zaidi kuliko ya 45, kwa hiyo sindano moja haiwezi kuzisoma zote mbili vizuri. Vinanda vingi vya bei nafuu havizunguki kwa 78 hata kidogo. Vile vya sanduku la kubeba, vinavyovutia kwa rangi zake, mara nyingi vina mkono unaoikandamiza sindano kwa nguvu kupita kiasi, na mfereji huliwa upesi. Hivyo nikaviacha.

Amplifaya ilinipunguzia gharama. Nyuma yake kuna tundu lililoandikwa PHONO. Sindano ya sumaku hutoa umeme wa milivolti chache tu, tena sauti nzito hupunguzwa makusudi santuri inapochongwa ili mifereji isigongane. Tundu hilo hukuza umeme huo na kurudisha uzito wa sauti, kwa kanuni iliyokubaliwa na watengenezaji miaka ya 1950. Vinanda vipya vingi huuzwa na kikuzaji ndani yake; mimi sikuwa na haja ya kukilipia.

Jirani aliniazima kinanda cha zamani kilicholetwa kutoka Marekani, pamoja na kigeuza volti. Niliweka 45 moja. Kwangu ilikuwa nzuri. Haboba alisikiliza kidogo, mguu wake ukatafuta mdundo ukaukosa, akasema kwa Kiarabu cha Juba: "Mtoto wangu, hawa wamelala. Babu yako hakucheza hivi."

Nilidhani ni uzee. Usiku nikapiga hesabu. Mota ya kinanda kile hufuata mapigo ya umeme, na umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Kigeuza volti hakibadilishi mapigo. Mizunguko 45 inakuwa 37.5. Haboba hakuwa na saa wala kipimo, lakini alikumbuka mwendo wa wimbo kwa zaidi ya miaka 40, na kumbukumbu yake ikasahihisha mashine. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu udhaifu wa masimulizi ya mdomo; sijasoma nyingi kuhusu jambo kama hili.

Basi nikajua cha kutafuta. Umeme wa mtaani kwetu ukikatika tunawasha jenereta, na jenereta likilemewa mapigo yake hushuka. Kinanda kinachotegemea mapigo hayo kingekuwa kinalala na kuamka kila mara. Kupitia binamu yangu aliyeko Kampala nilipata Technics kuukuu isiyo na mkanda, ambayo mota yake ina kidhibiti chake cha mwendo na haijali mapigo ya umeme. Ilipanda basi hadi Juba kupitia Nimule. Pamoja na sindano mpya ilinigharimu dola 110. Zilizobaki ziliishia kwenye boda.

Haboba alisikiliza pande zote mbili za Mazembe, mguu ukipiga sakafu. Kisha akauliza ile kubwa nyeusi, ya Ngoma, iko wapi. Nilimweleza kwamba kinanda hiki kina 33 na 45 tu. Akaiomba aishike. Iko chumbani kwake sasa, ndani ya foronya, nami nimeanza tena kuweka akiba.