Fremu ya kaboni imepasuka yenyewe? Hivi ndivyo unavyodai waranti

Hili swali naulizwa sana na jamaa wa baiskeli za Arusha na Moshi: fremu ya kaboni imepasuka, sijaanguka popote, dukani wananizungusha, nifanyeje? Nimeona niandike yote sehemu moja. Mimi si mwanasheria wala injinia. Ila mwaka jana nilimsaidia mshkaji wangu kuandikiana na kampuni moja ya nje mpaka akaletewa fremu mpya, na sheria nimekaa nikazisoma mwenyewe.

1. Acha kuiendesha, leo hii

Kaboni siyo chuma. Chuma hupinda kwanza, kinakupa taarifa. Kaboni ni matabaka ya nyuzi yaliyoshikwa na resini, na yakichoka yanaweza kukatika ghafla ukiwa kwenye mteremko. Machi 2, 2021 kwenye mbio za Le Samyn kule Ubelgiji, usukani wa Mathieu van der Poel ulikatika katikati ya mashindano. Bahati yake hakuanguka. Baada ya hapo Canyon waliwaambia wateja wenye Aeroad za toleo lile waache kuziendesha. Kama kwa bingwa yule inakatika, wewe usijaribu bahati. Halafu ukiendelea kuendesha, ufa unakua na kampuni inapata sababu ya kukukatalia.

2. Kasoro ya kiwandani au ajali?

Hapa ndipo kesi yote ilipo. Waranti inalipa kasoro ya kiwandani. Hailipi kuanguka, kugonga geti baiskeli ikiwa juu ya gari, bolti iliyokazwa kupita kiasi, wala uchakavu wa kawaida.

Dalili zinazoelekea kiwandani: ufa umeanzia pale kaboni inapoungana na kipande cha alumini, mfano penye ekseli ya pedeli. Kipande hicho kimeachia gundi, kinacheza au kinalia ukikanyaga. Au matabaka yamevimba na juu yake hakuna mkwaruzo wowote.

Dalili zinazoelekea ajali: rangi imechubuka, pamebonyea, au ufa uko kwenye bomba la juu pale usukani unapogonga ukizunguka.

Wakati mwingine ni rangi tu iliyopasuka. Chukua sarafu ugonge taratibu. Sehemu nzima inatoa sauti kali, iliyoachana inatoa sauti butu. Linganisha na upande wa pili mahali hapohapo, maana unene wa kaboni haulingani fremu nzima. Hilo ni la kukusaidia wewe kujua, siyo ushahidi wa kumpa mtu.

Usikwangue rangi kutafuta ufa. Usimpe fundi apake gundi. Fremu iliyoguswa ni fremu iliyokataliwa.

3. Kusanya ushahidi kabla hujaandika

- Namba ya fremu. Mara nyingi iko chini, penye ekseli ya pedeli.
- Risiti yenye jina lako, tarehe na jina la duka. Kama ulilipa kwa simu au benki, toa taarifa ya malipo.
- Picha za mchana: baiskeli nzima pande zote mbili, kisha ufa kwa karibu ukiwa na rula pembeni, kisha uma, rimu na ncha za usukani. Hizo za mwisho watu wanazisahau, wakati ndizo zinazoonyesha kwamba hukuanguka.
- Video fupi kama inalia au inacheza.

4. Unachoandika

Anzia kwa duka lililokuuzia, siyo kiwandani. Kampuni nyingi hazipokei madai ila kupitia wakala wake. Andika kwa email ili kumbukumbu zibaki. Barua iwe fupi: nilinunua lini, wapi, namba ya fremu hii, ufa niliuona tarehe fulani, haijagongwa, naomba ikaguliwe chini ya waranti. Usiandike "nafikiri labda nilipita kwenye shimo." Usidanganye pia. Sema ulichokiona, kukisia waachie wao.

Mshkaji wangu jibu la kwanza lilikuwa "hii ni ajali." Hatukutukana mtu. Tuliuliza swali moja tu: ni alama ipi kwenye picha inayoonyesha kugongwa? Tukaambatanisha picha za uma na rimu zikiwa safi. Wiki iliyofuata wakaomba fremu ikaguliwe, na ikakubaliwa. Ukikataliwa, daima omba sababu kwa maandishi.

5. Wenye za mitumba

Tuambiane ukweli. Trek, Specialized na Giant wanatoa waranti ya maisha kwa fremu, lakini ni kwa mnunuzi wa kwanza. Canyon ni miaka 6. Ukinunua mtumba, usiishi kwa matumaini hayo, soma masharti ya kampuni husika kuhusu mmiliki wa pili.

Ila kuna mlango mwingine: bidhaa kuitwa irudishwe. Kampuni ikitangaza kwamba toleo fulani ni hatari, kinachoangaliwa ni namba ya fremu na toleo, siyo jina kwenye risiti. Angalia tovuti ya kampuni na orodha ya tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC. Ni bure.

6. Sheria inasemaje hapa Bongo

Kama ulinunua duka la hapa, karatasi ya waranti siyo kinga yako pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaofaa. Ulichokikagua na ungeweza kukiona hudai baadaye, lakini kasoro iliyojificha ndani ya bomba hakuna jicho linaloiona dukani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina vifungu vya kumlinda mlaji, na malalamiko yanapelekwa FCC. Kuitaja tu kwenye email kwa adabu kunabadilisha sauti ya muuzaji.

7. Kabla hujasema "ndiyo, nitumieni"

Fremu mpya bure haina maana baiskeli mpya bure. Kwa kawaida waranti hailipi ufundi, na usafiri mara nyingi ni juu yako. Kama toleo lako limeacha kutengenezwa, watakupa la sasa, na la sasa karibu lote ni la breki za diski. Rimu zako za breki za zamani hazitaingia. Uliza mapema: breki aina gani, ekseli gani, bomba la siti linakuja nalo?

Uliza pia wakala wa forodha. Ankara iseme wazi ni badala ya fremu mbovu chini ya waranti, lakini usidhani bei sifuri ni ushuru sifuri.

Mwisho, kampuni nyingine hukuambia ukate fremu ya zamani kwa msumeno na utume picha. Usikate mpaka uwe na maandishi kwamba mpya imekubaliwa. Ukishakata, ushahidi wako ndo umekwenda.

Haya wadau, kazi kwenu. Aliyewahi kudai akapata au akanyimwa, aeleze hapo chini wengine wajifunze.