Kumsaidia kijana mwenye usonji kupata kazi na kudumu kazini

Mtoto anapogunduliwa kuwa na usonji akiwa na umri wa miaka mitatu au minne, mzazi huwa na mengi ya kuhangaikia: shule itakayompokea, gharama ya wataalamu wa usemi, na majirani wasioelewa kwa nini mtoto huyo huziba masikio kila pikipiki inapopita. Miaka hupita. Siku moja mtoto huyo anatimiza miaka 22. Ana kitambulisho, ana cheti cha chuo cha kiufundi, na bado yu nyumbani. Ametuma maombi ya kazi mara kumi na tano. Ameitwa kusailiwa mara mbili, na mara zote mbili ameambiwa atapigiwa simu. Siku hizi hulala hadi saa tano mchana, na akiulizwa habari za kazi hufunga mlango wa chumba chake. Mzazi naye, ambaye kichwa kimeanza kuota mvi, ana swali moja asilothubutu kulitamka mbele ya mwanawe: nikiondoka duniani, huyu atakula nini?

Hali ya namna hii imo katika nyumba nyingi kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021, takriban mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana ya ukoo, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ambavyo ubongo hukua tangu utotoni, na mwenye kuzaliwa nao huishi nao hadi uzeeni. Wapo wasiotamka neno, na wapo waliohitimu vyuo vikuu. Jambo linalowaunganisha ni ugumu wa kusoma ishara za kijamii ambazo hazisemwi waziwazi, kupenda utaratibu usiobadilika, na mara nyingi hisia kali mno za sauti, mwanga, harufu au mguso.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona mara moja ni kwa nini kijana wa aina hii hushindwa kwenye usaili hata pale anapoijua kazi yenyewe kuwashinda wengine. Usaili ni mtihani wa mazungumzo. Anayehoji husema, "Hebu tueleze kukuhusu," akitarajia hotuba fupi ya kujipigia debe. Kijana mwenye usonji anaweza kujibu kwamba yeye ni mrefu kiasi fulani na hapendi vitunguu. Akiulizwa kwa nini anaitaka kazi hiyo, atasema anahitaji pesa, jambo ambalo ni kweli kwa kila mtu aliyeketi kwenye foleni nje ya ofisi hiyo, ila wenzake wamefunzwa kulificha. Hamtazami msaili machoni. Anachukua muda kabla ya kujibu. Basi huandikwa kwamba hana hamu ya kazi, au ni mjeuri.

Kwa hivyo, mzazi anayetumia miezi sita akimfunza mwanawe kutabasamu mbele ya wasaili huenda anapoteza muda. Mazoezi hayo yana faida yake, lakini njia yenye matumaini zaidi ni kuutafutia uwezo wa kijana mahali ambapo utaonekana kwa macho: siku chache za majaribio kazini, mkono wake ukiwa kwenye kazi yenyewe.

Mfano mmoja maarufu unafaa kusimuliwa hapa, ingawa ulitokea mbali. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoufanya usonji utambuliwe kama hali ya kipekee. Mtoto wa kwanza katika maelezo hayo alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1942, wazazi wake walimpeleka kuishi na mtu na mkewe waliokuwa na shamba karibu na mji huo. Donald alikuwa na mazoea ya kuhesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wenyeji wake hawakumkaripia. Walimpa farasi na plau, akawa anaihesabu mistari huku akiilima. Alipenda kupimapima kila kitu. Wakampa kazi ya kuchimba kisima na kueleza kimefika kina gani. Kanner alipowatembelea mwaka 1945, alistaajabu jinsi mtoto huyo alivyomwongoza farasi na kumgeuza mwishoni mwa kila mstari.

Wakulima hao hawakuwa wataalamu wa lolote la kitabibu. Walitazama tu ni kitu gani kijana anakifanya bila kuagizwa, kisha wakatafuta kazi ambayo ndani yake kitu hicho kinahitajika. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwa mzazi pia. Chukua daftari na uandike kwa wiki mbili au tatu mambo ambayo mwanao huyafanya kwa muda mrefu bila kuchoka. Je, hupanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa? Hukumbuka nambari za magari? Hutambua mara moja kosa la tahajia gazetini? Hukaa na kuku saa nzima na kujua ni yupi hajataga? Mpangaji wa viatu anaweza kufaa katika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako misumari ya inchi mbili haipaswi kuchanganyika na ya inchi tatu. Msomaji wa tahajia anaweza kuingiza data au kukagua ankara.

Hapa inafaa kutahadharisha. Tangu filamu ya Rain Man ilipotoka mwaka 1988, watu wengi wamedhani kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu au kompyuta. Sivyo. Ni kweli kwamba Thorkil Sonne wa Denmark, ambaye mwanawe ana usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004 ili kuwaajiri watu kama hao katika ukaguzi wa programu za kompyuta, na kwamba kampuni kubwa ya SAP ilianza mpango wake wa kuwaajiri mwaka 2013. Lakini kumlazimisha kijana anayependa mimea aketi mbele ya kompyuta kwa sababu tu ana usonji ni kumtendea kama vile hana nafsi yake. Ametimiza miaka 18. Ni mtu mzima. Aulizwe. Kama maneno humpa shida, aonyeshwe picha za kazi tatu au nne na achague, au apelekwe akazitazame zikifanywa.

Kazi yenyewe itapatikana wapi? Nchini Kenya watu wengi hupata kibarua cha kwanza kwa kujuana, na sioni haya kumshauri mzazi aitumie njia hiyo. Mjomba mwenye duka la pembejeo, mwenzako katika chama aliye na duka la mikate, muumini mwenzako anayesimamia maktaba: hao ndio wa kuanza nao. Usiombe ajira. Omba wiki mbili za majaribio, saa nne kwa siku, katika kazi moja inayotajwa wazi, na mwisho wake mwenye biashara aseme bila kuoneana haya kama kazi imefanyika au la. Muungwana atakubali ombi kama hilo kwa urahisi kuliko kuahidi mshahara kwa mtu asiyemjua.

Sambamba na hilo, karatasi zishughulikiwe. Kijana anapaswa kufanyiwa tathmini ya kimatibabu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baadhi ya wazazi huikwepa kadi ya baraza hilo wakihofia kwamba mwana "ataandikwa mlemavu". Hofu hiyo inaeleweka, lakini bila usajili ni vigumu kudai haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaharamisha ubaguzi kazini kwa misingi ya ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya nafasi katika taasisi za kuchaguliwa na kuteuliwa zinashikwa na watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, wawe wa umma au wa kibinafsi, watenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Kwa kijana aliyejifunza ufundi gereji au karakana bila kufua dafu katika mitihani ya shule, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huandaa mitihani ya ufundi ya gredi mbalimbali ambamo ujuzi wa mikono hupimwa. Mtihani wa aina hiyo humfaa mtu ambaye mikono yake husema zaidi ya mdomo.

Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Kinachomwondoa kijana kazini kwa kawaida si kazi yenyewe, bali mambo madogo yanayoizunguka.

La kwanza ni safari. Watu wengine hawafikirii matatu ni tatizo. Kwa kijana anayeamini kwamba nauli ni shilingi 50, kupanda kwa nauli hadi 100 kwa sababu ya wingu la mvua ni uvunjaji wa kanuni ya ulimwengu. Dereva akikwepa msongamano na kupitia mtaa asioujua, anaweza kutaharuki. Muziki huvuma, makanga hupiga mabati, abiria humbana. Anaweza kufika kazini akiwa amechoka kama aliyebeba magunia. Safari ifanyiwe mazoezi kabla ya siku ya kwanza, mara tano au sita: kwanza mkiwa pamoja, kisha wewe ukiketi nyuma kabisa, kisha ukimsubiri kituoni. Awe na karatasi mfukoni inayoeleza la kufanya nauli ikipanda, gari likiharibika au njia ikibadilishwa. Akiweza kuanza kazi saa tatu badala ya saa mbili, ataepuka vurumai ya asubuhi.

La pili ni maagizo. Msimamizi husema, "Ukimaliza hapo, angalia kitu kingine ufanye." Wafanyakazi wengine huelewa. Kijana huyu atasimama na kuangalia, kama alivyoambiwa, na ataitwa mvivu. Mweleze msimamizi, kwa idhini ya mwanao, kwamba agizo linalofaa ni kama hili: "Panga kreti hizi kumi, mdomo wa chupa ukielekea juu. Ukimaliza, njoo kwangu uniambie." Orodha ya kazi za siku iandikwe au ichorwe na kubandikwa ukutani. Mabadiliko yatangazwe mapema, hata ikiwa ni kwa nusu saa. Apewe pembe tulivu ya kulia chakula, kwani mazungumzo ya wakati wa mapumziko humchosha kuliko kreti. Hakuna lolote kati ya haya lenye gharama kubwa, na wasimamizi kadhaa watakuambia kwamba wafanyakazi wengine pia hufaidika na maagizo yaliyonyooka.

La tatu ni pesa, na hapa mzazi awe macho. Kuna waajiri wanaodhani chakula cha mchana na shukrani ni malipo tosha kwa mtu mwenye ulemavu. Majaribio yakiisha na kazi ikawa imefanyika, alipwe kama wengine wanaofanya kazi hiyohiyo, na pesa ziingie katika akaunti au simu yenye jina lake. Afundishwe kwamba nambari ya siri haitolewi kwa yeyote, hata rafiki anayeiomba kwa upole. Mtu anayeyachukua maneno kama yalivyo ni windo rahisi kwa matapeli.

Itatokea pia kwamba kazi ya kwanza itavunjika. Aachishwapo, rudi kwa mwajiri, si kwa ugomvi, umwombe sababu kamili. "Hakutufaa" si sababu. "Aliondoka kila jenereta ilipowashwa" ni sababu, na inakueleza ni mahali gani pa kutafuta na ni mahali gani pa kuepuka. Akianza kulala mchana na kususia chakula kwa wiki kadhaa, suala la kazi liwekwe kando kwanza na daktari amwone, kwa maana sonona huwapata vijana hawa mara nyingi nayo hutibika. Kwa wale ambao ajira ya kawaida haitawezekana, karakana zenye uangalizi au shughuli ndogo nyumbani, kama vile kufuga kuku au kushona, bado huipa siku umbo lake.

Ugumu wa mwisho huwa kwa mzazi mwenyewe. Aliyemfunga mwanawe kamba za viatu hadi miaka 14 hana budi kujifunza kutompigia msimamizi simu kila jioni. Panga na msimamizi mzungumze mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha kijana ajisemee.

Donald Triplett alihitimu chuo kikuu mwaka 1958, akaajiriwa katika benki ya mji wa Forest, ambayo familia ya mama yake ilikuwa na hisa ndani yake. Bila shaka kujuana kulimfungulia mlango. Lakini hakukaa humo kwa huruma: alihesabu fedha na kutunza vitabu kwa takriban miaka 65. Alijifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Wazazi wake wote wawili walifariki katika miaka ya 1980. Donald aliendelea kuishi katika nyumba aliyolelewa na kwenda kazini mjini humo, ambako watu walimjua kwa jina. Alifariki mwezi Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89.