Skonzi ya Asubuhi: Ilitoka Wapi, na Inampa Mtoto Nini?

 

Asubuhi ukipita Kangemi au Kawangware utawaona watoto wakielekea shuleni, skonzi mkononi. Leo tuizungumzie hiyo skonzi.

Jina lake ni la Uskoti. Huko zamani skonzi ilikuwa mkate bapa wa shayiri, ukiokwa juu ya chuma cha moto bila hamira. Baadaye Waingereza wakaipika kwa unga wa ngano na beking pauda, wakaila na chai ya alasiri. Yetu ya Nairobi ina hamira na sukari, ni laini, na huuzwa kwa pakiti. Mwingereza akiionja ataiita bani, ndugu ya zile zenye msalaba zinazouzwa mjini wakati wa Pasaka. Tulichukua jina tukaacha mapishi!

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na walowezi wakaja na hamu yao ya mkate mweupe. Lord Delamere alipanda ngano kule Njoro. Ugonjwa wa kutu ukaiharibu, akajaribu tena. Mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya Unga Limited ili isagwe hapa hapa nchini.

Na bibi zetu je? Wao waliamkia uji wa wimbi, viazi vitamu au nduma. Wimbi una madini ya kalisi mara nyingi kuliko unga mweupe, na tena ngano ikikobolewa, kapi na kiini huondoka pamoja na madini ya chuma na vitamini. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa pakiti uongezewe chuma, zinki na vitamini. Hilo ni jema, lakini skonzi ya kibandani haikuonyeshi ilipikwa kwa unga gani.

Kwa hivyo mtoto hushiba, lakini damu yake inaweza kupungua. Usimnyime skonzi, mama. Mpe na yai, au ndengu zilizobaki jana, pamoja na kipande cha chungwa. Chai isubiri saa moja hivi, maana majani ya chai huzuia mwili kufyonza chuma. Aliye chini ya miaka miwili mpikie uji wa wimbi, bila sukari.

Tukutane wiki ijayo.