Viatu vya Matope

Kila Aprili mke wangu hunigombeza kwa sababu ya viatu. Tunaishi chumba kimoja huku Eastlands, na masika yakianza, ile njia ya kutoka steji inageuka uji. Nikiingia na viatu, matope yanafika hadi miguu ya kitanda, maana chumba chenyewe kinaishia hapo. "Wewe, si nimetoka kupiga deki saa hii?" Basi narudi mlangoni, nasimama kwa mguu mmoja, navua.

Huku kwetu hakuna yale majira ya machipuo ya Ulaya. Tuna masika: nyasi zinaota hata kando ya mtaro, kumbikumbi wanajazana kwenye taa, sukuma wiki inashuka bei. Stima ikipotea tunakaa kitandani na kikombe kimoja cha chai, tunasikiliza mvua ikipiga mabati.

Mwaka huu, hesabu ilikaribia kututenganisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo nimeishi kwa kuandika makala ya kulipwa moja moja. Kufikia Machi nilikuwa nadai malipo ya makala matatu, na landilodi alikuwa ameongeza kodi. Tukaketi na karatasi. Tukaona la busara ni yeye aende ushago kwa mama, nami nibanane na rafiki yangu hadi mambo yakae sawa. Miezi sita hivi. Kila tuliyemwambia alisema hiyo ni akili.

Isipokuwa Shosho. Mimi nilirithi jina la Guka, kwa hivyo Shosho huniita mume wake. Nilipompigia simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mume wangu, nani amekufundisha hiyo hesabu?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma. Kumbe hesabu yenyewe ina wenyewe.

Nairobi ya wakoloni haikupangwa kwa ajili ya mume na mke wa Kiafrika. Kuanzia 1920, wanaume Waafrika waliotimiza miaka 16 walilazimishwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mke hakuwa na nafasi kwenye kikebe hicho. Mji ulitaka mikono ya mwanamume kwa muda, kisha arudi kwao. Mshahara wa chini ulipigiwa hesabu ya mtu asiye na familia, kwa imani kwamba mke na watoto watalishwa na shamba kule rizavu. Nyumba nazo zikafuata mkondo huo. Pale Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manispaa ilijenga mabweni ya wanaume.

Sasa mwanamume akitoka kazini jioni, anarudi kwa nani? Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha 1990, anaeleza jinsi wanawake wa Pumwani walivyowauzia wanaume zaidi ya kitanda. Waliuza chai, maji ya kuoga, chakula, mtu wa kuongea naye. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Yale mambo madogo ninayopewa bure kila jioni, na mara nyingine kuyalalamikia, yalikuwa na bei. Kuna mtu aliyakata kwenye mshahara wake.

Hata hivyo watu walioana na wakakaa mjini, kwa kujibana. Guka na Shosho walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1953 walikodi nusu ya chumba Pumwani. Nusu ya pili ilikuwa ya watu wengine, na katikati palikuwa na pazia.

Halafu ikafika Jumamosi, Aprili 24, 1954. Alfajiri hiyo wanajeshi na polisi wapatao 25,000, chini ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji. Operesheni hiyo waliiita Anvil. Walipita mtaa kwa mtaa, wakiwatafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru, wote wakishukiwa kuwa Mau Mau. Watu waliambiwa wafunge mzigo mmoja na kutoka nje. Maelfu walipelekwa Lang'ata kuchujwa, wakipitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia kichwani, na wengi wao wakaishia kwenye kambi za Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto kwa maelfu walifukuzwa mjini, wakarudishwa rizavu.

Hayo nilikuwa nayajua kijuujuu. Guka alikaa Manyani, na kwetu habari iliishia hapo. Nilipompigia Shosho mara ya pili ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Ijumaa ile jioni mvua ilikuwa imenyesha. Guka aliingia na viatu vya matope, yeye akamgombeza, wakalala bila kusemezana. Kulipopambazuka, askari walikuwa mlangoni.

"Miaka mitano," akasema, "kila mvua ikinyesha, nilikuwa naangalia kama kuna matope hapo mlangoni."

"Na aliporudi?"

"Siku ya kwanza ya mvua akaingia na viatu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamgombeza. Ningefanya nini na nyumba inachafuka?" Akacheka hadi akakohoa.

Mwaka huohuo wa 1954, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Ilikubali kwamba mshahara wa chini ulikuwa wa mwanamume mmoja tu, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hadi umtoshe mtu na familia yake. Yaani serikali iliyokuwa inawafukuza wake mjini ilikuwa imeshaandikiwa, kwenye karatasi yake yenyewe, kwamba mtu anahitaji kipato cha kuishi na mkewe.

Siku hizi hakuna askari mlangoni. Hakuna anayetudai kipande. Lakini ile karatasi yetu ya Machi ilikuwa na jibu lilelile: mwanamume abaki mjini afanye kazi, mke arudi shamba. Tulilifikia sisi wenyewe, kwa kalamu yetu, na tukaliita akili.

Tuliirudia hesabu. Tumeuza runinga. Tumekata intaneti ya nyumba, sasa naandikia kwenye simu. Mke wangu amepata mama wawili wa plotini anaowashonea nguo. Imetosha kodi ya Aprili. Ya Mei tutaiona ikifika.

Kitu kimoja kimebadilika. Stima ikipotea na mvua ikaanza, siweki tena kichwa kwenye madeni. Nashika kikombe, nakunywa, nampa. Anakunywa, ananirudishia. Ananiambia habari za jirani, nami nasikiliza hadi mwisho. Kuna watu walilipia hayo, na kuna walionyang'anywa.

Jana niliingia nimesahau tena. Akaniita majina yangu yote mawili. Nikarudi mlangoni, nikavua.