Sybil Alikuwa Mtu
Mwaka 1976, runinga ya NBC huko Marekani ilionyesha filamu ya Sybil: Sally Field akiigiza mwanamke mwenye nafsi 16. Akashinda tuzo ya Emmy. Tangu hapo tumezoea, ati nafsi ikibadilika lazima mtaa mzima ujue.

Kumbe wengi wenye hali hii huificha. Kinachowasumbua ni kusahau: saa zinapotea, unakuta nguo kabatini na hukumbuki kuinunua.

Sybil wa kweli, Shirley Mason, alikuwa mwalimu wa sanaa. Mwaka 1958 alimwandikia daktari wake, Cornelia Wilbur, kwamba hana nafsi nyingi. Daktari hakukubali. Baadaye Mason alihamia Kentucky, akaishi kimyakimya hadi alipofariki 1998. Nikiitazama filamu ile leo, huyo ndiye namtafuta, na simwoni.