Saa Tatu za Buffalo na Kazi za Usiku

Kabla ya Novemba 1883, msafiri aliyeshuka katika stesheni ya reli ya Buffalo alikuta saa tatu ukutani. Hatusemi saa tatu ya asubuhi, bali saa zenyewe, tatu kwa idadi. Moja ilifuata jua la Buffalo, ya pili majira ya New York, ya tatu majira ya Columbus, kwa kuwa kila kampuni ya reli iliendesha treni zake kwa saa iliyoichagua. Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni hayo yakaigawa nchi katika kanda za saa, na ugomvi ukapungua. Haukuisha. Louisville ilibaki kisheria katika kanda ya kati hadi 1961, ndipo ikahamishiwa ya mashariki.

Tunayakumbusha haya kwa sababu ya programu iitwayo cron, iliyokuwamo katika toleo la 7 la Unix la mwaka 1979 kutoka maabara ya Bell. Kila dakika iliamka, ikasoma orodha yake (dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya juma), ikaanzisha kazi iliyofikiwa na zamu, ikalala tena. Nakala za akiba, malipo, vikumbusho vya dawa: hadi leo kazi hizo hufanywa na programu za ukoo huo. Ni ubunifu mzuri mno, ila unaiamini saa ya ukutani.

Kila Machi, saa za miji hii mitatu wanakoishi wasemaji wengi wa Kiswahili hurukishwa kutoka saa nane usiku hadi saa tisa. Kazi iliyopangiwa saa nane na nusu haipati dakika yake. Cron ya kale iliiruka. Novemba, saa saba na nusu huja mara mbili, na malipo huweza kutoka mara mbili. Dar es Salaam hawaijui adha hii. Karibu na ikweta jua halibadiliki sana, na saa zetu huhesabiwa tangu macheo. (Cron huhesabu tangu usiku wa manane: saa nane yetu huandikwa 2.)

Siku hizi seva nyingi hutunza wakati wa UTC, kisha huutafsiri kwa kumbukumbu ya kanda za saa iliyoasisiwa na Arthur David Olson miaka ya 1980. Humo Buffalo na Columbus hutumia jina la New York. Louisville ina jina lake. Tarehe 6 Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, saa zilisogezwa mbele karibu nchi nzima. Za Louisville hazikusogea. Hadi Oktoba mwaka ule, Louisville na Columbus zilipishana kwa saa moja.